Mti nyuma ya kona: kisa cha kayaki kubanwa kwenye kijito cha milimani kusini mwa Kigoma

Kisa hiki kimezungumzwa sana Kibirizi na Ujiji, na karibu kila anayekisimulia anaanza na maporomoko, kwa sababu video iliyozunguka kwenye simu za watu inaonesha maporomoko tu. Maporomoko hayakumdhuru mtu. Kilichotaka kuua ni mti ulioanguka usiku, sehemu ambayo ukiitazama unaona maji mepesi kabisa, mbele kidogo ya pale ambapo wote tulikuwa tumesimama na kamba. Mimi siku ile nilikuwa nchi kavu, nimebeba mfuko wa kamba ya kumrushia mtu aliyepata shida majini, na baadaye nilikaa na kila mmoja wa waliokuwepo nikamuuliza aliona nini na alifikiri nini, kwahiyo hapa nimeunganisha maneno ya watu wote na niliyoyaona mwenyewe.

Kwa asiyejua pande zile, ukitoka Kigoma mjini kwa boti ukashika kusini, ukapita mdomo wa Malagarasi pale Ilagala, ukapita Sunuka, milima inaanza kusogelea ziwa. Ziwa Tanganyika liko mita kama 773 juu ya usawa wa bahari, na huko mbele Mahale kilele cha Nkungwe kinafika mita 2,462, tena si mbali na ufukwe, yaani mto hauna nafasi ya kujinyoosha. Malagarasi ni mto mrefu unaotembea, huko juu una ardhi oevu kubwa mpaka imeingia mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu, mvua ikinyesha unachukua muda mrefu kupanda na muda mrefu kushuka. Vijito vya milimani ni kitu kingine. Kinapanda usiku mmoja, kinang'oa kinachong'oka, alafu kufika saa nne asubuhi kimeshashuka na mtu akija anakikuta kimetulia anadhani kilikuwa hivo siku zote.

Jina la kijito silitaji. Kipo nje ya hifadhi, hakuna siri, ila sitaki mtu abebe kifaa aende huko kwa sababu amesoma hapa.

Msafara wenyewe ulikuwa na kayaki tatu, vile vimtumbwi vyembamba vya mtu mmoja vilivyofunikwa juu, mtu anakaa kwenye tundu la katikati. Kiongozi ni dada mmoja wa Jinja, Uganda, amekulia kwenye maji ya Nile na kazi yake ni kuongoza wageni mtoni. Wa pili ni kijana wa Sagana, Kenya, kwenye mto Tana, mkono wake ni mzuri sana na roho yake haina woga, huyu hapa namwita Mkenya. Wa tatu ni dogo wetu wa Kibirizi, alianza na mitumbwi ya kina babu yake, alafu akafundishwa kayaki na hao wawili. Nchi kavu tulikuwa mimi, rafiki yangu, na mzee mmoja wa Kitongwe wa kijiji cha karibu aliyekubali kutuonesha njia. Boti letu tuliliacha ufukweni na nahodha, mafuta ya kurudi Kigoma yamejaa, na hilo lilikuwa sharti la dada tangu siku ya kwanza, akasema huko hakuna helikopta, hakuna ambulansi, netiweki inashika ukipanda kilimani tu, kwahiyo boti ndo ambulansi yetu na halitoki kwenda kuvua hata kidogo.

Ilikuwa masika na usiku mvua ilipiga sana. Asubuhi tulipokuwa tunakunywa chai na muhogo wa kuchemsha, mama mwenye nyumba akasema usiku amesikia miti inakatika huko bondeni. Alisema tu kama mtu anavyosema mvua ilikuwa kubwa, watu wakaitikia, mazungumzo yakaendelea. Naomba msomaji alikumbuke hilo neno, kwa sababu ndo habari muhimu kuliko zote tulizopata siku ile na hakuna aliyeichukulia kuwa habari.

Swali lililoulizwa, tena likarudiwa kwa mzee mara nyingi, lilikuwa la mamba. Na siwalaumu. Kila mtu wa kayaki anayekuja ziwa letu anajua habari ya Hendri Coetzee, yule Mwafrika Kusini ambaye mwaka 2004 alishuka Nile kutoka Ziwa Victoria mpaka Mediterania. Desemba 2010 alikuwa anaongoza Wamarekani wawili, Ben Stookesberry na Chris Korbulic, kwenye mto Lukuga, huo unaotoka ziwani kwetu upande wa Kongo pale Kalemie. Walikuwa wanapiga kasia karibu karibu, mamba akatokea nyuma yake akamtoa kwenye kayaki, wenzake wanaona kwa macho na hawana la kufanya. Alikuwa na miaka 35. Mtu akishalisikia hilo, akifika Kigoma jambo la kwanza anauliza mamba, na mtu wa Kigoma naye anamjibu kwa sababu mamba wa Malagarasi anawajua.

Mzee akawajibu vizuri kabisa. Akasema wanangu, mamba huku juu kwenye mawe hakai, maji ni ya haraka, hana pa kulala wala pa kuvizia, mkifika chini kule mdomoni kwenye matete ndo mtoke mtembee. Jibu sahihi. Kila mtu akashusha pumzi, na mimi naona hapo ndipo siku ilipoanza kuharibika, sio kwa sababu ya jibu, kwa sababu watu walihisi kama swali la hatari limeshajibiwa lote. Hatari ya Lukuga ni ya mto mpana, maji mazito, mnyama anakuona wewe humuoni. Kijito cha mlimani kinaua kwa njia zake: mti uliolala majini, jiwe lililoliwa kwa chini ambalo maji yanapita chini yake na mtu habaki juu, maji yanayojirudia chini ya poromoko yakamshika mtu akazunguka humo humo, na mguu kunasa katikati ya mawe mtu akijaribu kusimama kwenye maji yanayokimbia. Hizo nne zote hazina meno na hakuna hata moja iliyouliziwa kijijini.

Tulipofika mtoni dada alikagua maji kwa makini, hilo lazima niliseme. Akatuonesha alama ya majani yaliyolowa kwenye ukingo, karibu usawa wa goti juu ya maji, akasema usiku yalikuwa pale, sasa yanashuka, kiwango ni kizuri. Ni kweli. Ila maji yaliyoshuka baada ya kujaa yana maana mbili. Ya kwanza ni hiyo, kiwango kizuri. Ya pili ni kwamba kila kitu ulichokijua kuhusu huo mto jana kimeshapitwa, kwa sababu maji makubwa yamehamisha vitu. Pande zile msitu wa kandokando ya vijito ni mnene, mikuyu mikubwa imesimama kwenye udongo mwekundu uliolowana, maji yakila ukingo chini ya mizizi mti unalala, na ukilala kwenye kijito cha upana wa mita kumi unaziba kijito kizima.

Basi maporomoko. Urefu kama nyumba ya ghorofa moja, chini bwawa dogo, kelele nyingi. Walikaa pale muda mrefu, wakarusha vijiti kuangalia maji yanajirudia wapi, wakapanga nani anaanza, mimi na rafiki yangu tukawekwa kwenye mawe na kamba mbili, simu zikatolewa. Kila kitu kama inavyotakiwa. Baada ya bwawa kijito kinakata kushoto, na kutoka pale juu unaona maji yanaingia kona yakiwa laini. Hatukutembea kwenda kuangalia nyuma ya kona. Ni kama mita sitini, ila katikati ni matete na miiba, njia hakuna, na kwa macho pale ndo palikuwa sehemu rahisi kuliko zote za siku ile.

Mkenya akaanza. Akashuka safi sana, akaibukia bwawani kasia iko juu, sisi tunashangilia. Upande wa kulia wa bwawa kulikuwa na edi nzuri, pale nyuma ya jiwe maji yanapotulia na kurudi juu, na makubaliano yalikuwa kila mtu aingie humo asubiri wenzake. Hakuingia. Nilipomuuliza baadaye akaniambia kwa uwazi, mwili ulikuwa umeshamaliza kazi, aliona maji laini mbele akaona ngoja niteleze kidogo nikawasubirie kule. Akapita kona.

Mkuyu ulikuwa umelala kutoka ukingo wa kushoto, mizizi bado ina udongo mbichi, shina limekaa sawasawa na uso wa maji na matawi yamezama mpaka karibu na ukingo wa kulia. Mti wa namna hiyo unafanya kazi ya chujio, maji yanapita, mtu na kayaki havipiti. Alikuwa na sekunde chache, akajaribu kugeuza pua kuelekea kushoto, hakuwahi, kayaki ikagonga shina kwa ubavu na maji yakaanza kupanda juu yake kwa nyuma.

Hapo alifanya kitu kimoja ambacho kimemfanya awe hai leo. Mwili wa binadamu ukigonga kitu unataka kukikimbia, yaani unaegemea upande ule maji yanakotoka, na ukifanya hivo maji yanakamata ukingo wa kayaki yanaipindua na wewe unaingia chini ya mti kichwa chini. Yeye akalikumbatia shina. Akajitupa juu yake kifua chote, kichwa na mikono vikawa juu hewani. Miguu ikabaki ndani, kwa sababu kayaki ilikuwa imeshakunjwa na msukumo, tundu la kukalia limembana mapaja, na ile sketi ya mpira inayoziba tundu haikuvutika. Tawi moja lilikuwa limekandamiza mbele ya kayaki. Akapiga filimbi mara tatu.

Watu hawauelewi msukumo wa maji mpaka uwakute. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima, na mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili msukumo wake hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Kwahiyo hata maji ambayo ukiyaangalia unaona ni ya kawaida, yakimkandamiza mtu kwenye mti hakuna misuli ya kuyashinda, na hayachoki.

Dada alikuwa ameshashuka bwawani aliposikia filimbi. Akatoka ukingo wa kushoto akakimbia kwenye matete, akafika wa kwanza pamoja na mzee, ambaye alikuwa anatembea chini chini kwa njia yake mwenyewe na panga mkononi. Sisi wenye kamba tulikuwa juu kwenye mawe, tukachukua kama dakika tano kufika. Dakika tano. Ubongo ukikosa hewa dakika nne mpaka sita unaanza kuharibika, kwahiyo kama Mkenya angekuwa amezama kichwa, kamba zetu zingefika kwa maiti au kwa mtu asiyejua jina lake. Hili nalisema taratibu kwa sababu ndo moyo wa kisa chote: kamba ziliwekwa mahali penye kelele. Poromoko lilikuwa na watu wawili, kamba mbili na simu tatu, na kona ilikuwa haina mtu.

Sasa panga. Mzee alipanda kwenye shina kutoka kwenye mizizi, akatembea juu yake vizuri kuliko yeyote kati yetu, akafika karibu na Mkenya akainua panga akate lile tawi lililokandamiza mbele. Dada akapiga kelele, mzee wetu subiri, usikate baba, usikate! Mzee akasimama. Kijijini mpaka leo vijana wanasema angeachwa angemaliza kwa mapanga mawili, na mimi nimebishana nao sana kuhusu hili. Lile tawi lilikuwa linamuumiza, ndiyo, lakini pia ndo lilikuwa limeishika kayaki isipinduke. Ulikate wakati hakuna kamba hata moja kwa mtu, kayaki inasogea, na inasogea kuelekea maji yanakotaka, ambako ni chini ya shina. Mzee hakuwa na kosa, kwa sababu mti ukimlalia mtu shambani unakata tawi, kila mtu angefanya hivo. Mtoni kwanza unamshika mtu asiende chini, alafu ndo unafikiria kumtoa. Na namheshimu sana mzee kwa kitu kimoja, kwamba alisimama alipoambiwa na binti mwenye umri wa mwanae, bila kuuliza wewe nani.

Dada akatambaa kwenye shina mpaka kwa Mkenya, akakaa anaongea naye tu, anamwambia vuta pumzi, angalia uso wangu. Tulipofika nikamrushia kamba, akaiunga kwa karabina, ile pete ya chuma inayofunguka na kujifunga, kwenye mkanda wa nyuma wa jaketi la kuelea la Mkenya. Huo mkanda una kishikizo mbele ambacho mwenyewe anaweza kukivuta akajiachia, na hiyo ni muhimu mno, usije ukamfunga mtu kamba ya fundo kwenye maji yanayokimbia, kamba ikikaza inamzamisha yenyewe. Mimi nikashika ile kamba ukingo wa kushoto. Ya pili akaifunga kwenye mshikio wa pua ya kayaki, mzee na rafiki yangu wakaishika kutoka ukingo huo huo ila juu zaidi ya mizizi, ili wakivuta pua itoke kwenye mti na kuelekea maji yanakotoka.

Na dogo? Dogo alifanya jambo zuri kuliko yote na kwenye video hayupo. Alikuwa bwawani, ana kamba yake ndani ya kayaki, kila mtu anakimbilia kushoto. Yeye akavuka kwenda ukingo wa kulia, akaacha kayaki, akapita kwenye miiba mpaka chini ya mti, akasimama pale na mfuko wa kamba umefunguliwa, anaangalia. Hakuna aliyemtuma. Akaniambia, kaka, nyie wote mlikuwa juu ya mti, sasa akipita chini nani anamdaka?

Wakavuta. Mara ya kwanza haikusogea. Wakapanda juu zaidi wakabadilisha upande wa kuvutia, pua ikatoka kidogo, maji yakapata pa kupita, kayaki ikageuka ghafla na Mkenya akachomoa mguu mmoja, dada akamvuta kwa mabega, mguu wa pili ukatoka na ngozi ya muundi imeachwa humo. Wakati huo huo kamba ikawachomoka kina mzee mkononi, kayaki ikaondoka ikazama chini ya shina. Wavuvi waliiokota baadaye karibu na mdomo, imekunjika katikati.

Alikuwa amekunywa maji, anakohoa, goti limevimba. Akataka kupumzika kijijini mpaka kesho. Dada akakataa, akasema mtu aliyeingiza maji kwenye mapafu anaweza kuonekana mzima alafu masaa yakipita pumzi ikaanza kumsumbua, lazima awe mahali penye oksijeni. Tukambeba mpaka ufukweni, boti likawashwa, tukafika Kigoma usiku. Hospitali walimwangalia mpaka asubuhi, kifua kikawa salama, goti likamchukua muda. Lile sharti la mafuta na nahodha kukaa tayari, ambalo wengine tuliliona ni ukali, hapo ndo lilipofanya kazi yake.

Nimesikia watu wakisema Mkenya ni mzembe. Mimi sikubali hivo kirahisi. Aliruka edi, sawa, alivunja makubaliano, na amelisema mwenyewe mbele ya wote. Lakini hata angeingia kwenye edi, mwisho lazima mtu angepita kona, na nani kati yetu alikuwa ameiona? Mpango wenyewe ulikuwa na shimo pale. Na hili halichagui mtu. Walt Blackadar, daktari Mmarekani ambaye mwaka 1971 alipita peke yake korongo la Turnback Canyon kwenye mto Alsek kule Kanada, maji ambayo yanatisha mpaka leo, alikufa mwaka 1978 kwenye South Fork ya mto Payette kule Idaho, na kilichomuua ni mti. Aliyashinda maji makubwa kuliko yote ya wakati wake akafia kwenye gogo. Ukimweka yeye na Coetzee pamoja unaona kila mto una kitu chake, na uzoefu wa mto mmoja haukupi ruhusa kwenye mwingine mpaka uulize wenyeji wake swali linalouhusu mto huo.

Na wenyeji walikuwa na jibu. Mama alisikia miti inakatika. Angeulizwa tu, mama, ni upande gani, juu ya maporomoko au chini, mtu mmoja angetumwa na panga asubuhi ile ile, angepasua matete, angeuona mkuyu, na Mkenya angebeba kayaki yake begani akaupita kwa miguu kama watu wa mito wanavyofanya kila siku bila aibu yoyote. Kwenye madaraja ya ugumu wa mito, yale yanayoanza 1 ambayo ni rahisi kabisa mpaka 6, ile kona ingepewa 2. Daraja linahesabu maji, mti ulioanguka jana usiku haliujui.

Baada ya wiki kadhaa maji yaliposhuka vijana wa kijiji waliukata ule mkuyu wakagawana kuni. Dada na Mkenya wanataka kurudi, na ni lazima iwe masika kwa sababu kiangazi maji ya kile kijito hayatoshi kayaki kuelea. Tumekaa na mzee na mwenyekiti wa kijiji tukakubaliana mambo. Kamba moja inakaa poromokoni na moja inakaa nyuma ya kona ya kwanza, hata kama kufika huko ni kuchanwa na miiba. Hakuna anayepita kona ambayo mtu wa nchi kavu hajaiona kwa macho yake asubuhi hiyo hiyo. Na mzee na mwanae watatembea ukingo wote alfajiri kabla kayaki haijashushwa, wao ndio watasema mto unaingilika au hauingiliki, na malipo yao kwa siku yatakuwa sawa na ya nahodha wa boti.